Kizimba Sebuleni

Siku wananchi walipoulizwa kama mahakama ya zamani ivunjwe, Mwanahawa alipinga mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Paa lilikuwa limeoza na popo wamejaa, lakini babake alikuwa karani mle. Na sheria kila mtu aliijua: anayepinga jengo kuvunjwa hupelekewa kipande chake nyumbani akitunze, tena kifanye kazi yake ileile.

Yeye aliletewa kizimba cha mshtakiwa. Kikawekwa kati ya kochi na friji, na kila Ijumaa taa yake nyekundu iliwaka mpaka mtu asimame ndani, aulizwe, ajibu.

Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Nani kamaliza maziwa? Nani kaacha bomba wazi? Walicheka mpaka machozi. Kisha Shebe, mumewe, akaacha kumuuliza lolote mezani. Maneno yake yote akawa anayaweka mpaka Ijumaa.

"Jana ulizima simu mchana kutwa, Mama Tatu. Panda ueleze."

Naye alipanda, akaeleza.

Jumanne moja, taa ikiwa haijawaka, binti yao Tatu alirudi kutoka shule, akavua viatu, akaingia kizimbani na kujifungia kijilango.

"Umefanya nini, mwanangu?" Mwanahawa alishtuka.

"Sijui, mama. Nawasubiri mniambie."

Mwanahawa alitaka kumtoa mle, amkumbatie. Badala yake alijikuta amevuta kiti, amekaa mbele yake, na kichwani anatafuta swali.