Doh ni G

Kitufe cha redio kaseti kililia tak gizani, kabla hakujapambazuka, na kwaya ikaanza wimbo wa Krismasi. Tulinagwe alimvuta mwanawe karibu. Kila alfajiri walimsikiliza hivi marehemu mumewe akiongoza waimbaji, kwa sauti nzito, ya taratibu, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Baba yake alipofariki, Lusajo alikuwa bado ananyonya. Sauti hiyo ndiyo baba aliyemjua.

Kulipokucha akaja Ambakisye, mdogo wake marehemu, ambaye sasa ndiye mwalimu wa kwaya. Alishika karatasi ya noti za wimbo.

"Shemeji, wimbo tumejifunzia kwenye redio yako hii, na watu wanatuuliza tunamzika nani. Tazama, kaka aliandika doh ni G, yaani tuanzie juu, tena upesi, kwa furaha."

"Ndivyo alivyoimba mwenyewe. Nilikuwepo."

"Hizo betri umezianika juani mara ngapi? Zikichoka, kanda hujivuta na sauti hushuka."

Tulinagwe alikuwa akizianika kila wiki, mwaka wa tatu sasa. Ambakisye akazitoa, akatia mpya alizokuja nazo, akabonyeza.

Wimbo uliruka juu. Sauti ya marehemu ilitoka nyepesi, changa, ikiwakimbia wenzake wa besi, ikicheka kidogo mwisho wa ubeti.

"Umemsikia!" Ambakisye alipiga makofi.

Tulinagwe alijiziba mdomo kwa kanga. Ndiye kabisa, na alikuwa amemsahau. Akageuka amwonyeshe mwanawe.

Lusajo aliitazama redio mpaka ubeti ukaisha, kisha akasema kwa sauti, "Huyo siyo baba."