Mzizi wa Ng'ambo

"Delfino, umechoma mfereji?"

Jirani yangu aliishika kofia isipeperushwe. Kila Machi huku jangwani tunachoma majani makavu mferejini kabla maji hayajafunguliwa. Lakini si siku ya upepo kama huu.

"Leo? Mimi mwendawazimu, dada?"

"Mbona nasikia harufu ya moshi?"

"Pua yako hiyo inanitafutia ubaya tu."

Nyusi zake zilikuwa zimeungua ncha. Akaona nimeziona.

"Haya, juzi. Kulikuwa shwari. Nikazima, nikafukia kwa udongo. Njoo ushike mwenyewe."

Nilivuka mfereji kwenda upande wake nikiwa tayari kumuumbua. Nikafukua kwa vidole: majivu baridi kabisa. Delfino akacheka mpaka akakohoa.

Lakini moshi bado niliusikia, na ulitoka upande wangu, kwenye mti mzee unaogusana na ukuta wa jikoni. Mizizi yake hupita chini ya mfereji mpaka kwake.

Nikavuka kurudi kwangu, nikapiga magoti, nikabandika kiganja shinani. Udongo ulikuwa wa moto kama mkate uliotoka tanurini: moto wa juzi ulikuwa umetambaa ndani ya mizizi.

"Acha kucheka! Lete maji!"

Akautazama mfereji mkavu.

"Maji yapi, dada?"

Upepo ukamvua kofia. Hakuifuata.