Kaburi la Tatu

"Bibi, maji ya bwawa yatafika hapa," mpima ardhi aliniambia, akagongomea kigingi chekundu upande wa juu wa migomba yangu. Siku tatu alikuwa akichungulia kwenye mashine yake ya miguu mitatu, akiupima mteremko wetu huku Uluguru.

Kila kilicho chini ya kigingi kingezama. Makaburi yangehamishwa, lakini yale tu yatakayoandikwa leo.

"Mzee Twalibu, chini hapa yapo mangapi?"

"Mawili," mume wangu akajibu. "La mjomba wa mke wangu na la mama mkwe. Huyo mkimwacha, ataogelea anifuate hukohuko mjini."

Mpima akacheka, akaandika mawili.

Mimi nilikuwa natazama mchaichai ulio chini ya migomba. Mguu mmoja wa mashine ulikuwa umechomekwa katikati ya shina lake, na udongo umepasuka.

Kwetu mtoto aliyezaliwa bila kulia huzikwa na wanawake, na wanaume hawaonyeshwi mahali. Wanawake wawili waliochimba nami kumzika wangu wamekwisha kufa. Miaka arobaini nimekataza mchaichai ule usichumwe, na Twalibu hajaniuliza kwa nini.

"Basi weka sahihi, mzee."

Twalibu akapokea kalamu.

"Andika matatu," nikasema.

Mpima akainua uso. "La tatu liko wapi, bibi?"

Kabla sijanyoosha mkono, Twalibu alikuwa ameshainama kwenye mchaichai, ameushika mguu wa mashine kwa mikono miwili.

"Kwanza toa hiki kitu hapa, mwanangu," akasema. "Taratibu."