Ombi la Jepkemei

Siku ya wazazi, watoto wa darasa la nne waliongoza sala mbele ya wageni. Jepkemei alikuwa amefundishwa na Sista kuombea mvua.

Zamu yake ilipofika, aliwatazama wazazi wake waliokaa nyuma. Baba alimtabasamia. Mama alikuwa amejifunga skafu hadi kidevuni, na jasho likimtiririka kwa joto.

Jepkemei akafumba macho.

"Tumwombee baba yangu," akasema, "aache kumpiga mama."

Wenzake wakaitikia kwa sauti moja, kama walivyozoea: "Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Wazazi wote wakageuka. Baba akasimama, kiti kikaanguka.

"Inuka twende nyumbani," akamwambia mama. "Mwite na huyo mtoto."

Mama hakuinuka.