Makali ya Kisu cha Shekue

Mbuzi alikuwa amelazwa uani, miguu imefungwa, na Shekue alikuwa ananoa kisu kwa mara nyingine huku akitukana. Kama wafanyavyo wachinjaji, alijaribu makali kwa kidole gumba. Hakusikia kitu.

"Nani kachezea kisu changu? Butu kama mwiko!"

"Hakuna aliyekigusa, Baba Zuena," mkewe alisema kutoka mlangoni. "Si daktari alikwambia? Hizo dripu za saratani zinatia vidole ganzi. Mwachie mwingine achinje."

"Saratani imeshanila mapafu, imeingia mifupani. Na kazi yangu nayo iliwe?"

Akalirusha jiwe la kunolea, likapasua mtungi wa maji. Kisha akamwinamia mbuzi, akakandamiza gumba kwenye makali kwa nguvu zake zote, akalivuta.

Mkewe akapiga yowe. Damu ilikuwa inachirizika shingoni mwa mbuzi, na mbuzi bado analia.

Shekue akainua gumba lake. Nyama ilikuwa imefunguka hadi kwenye mfupa. Akalitazama. Halafu akafumba macho, akalirudisha kwenye makali taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango.