Nane Yenye Kovu

Nane ile ilikuwa na kovu.

Fundi saa aliisogeza ripoti ya shule ya binti yake karibu na taa ya meza, akaibana jichoni lenzi anayotafutia vumbi ndani ya saa za wanawake, akatazama tena. Hesabu: 83. Tatu ilikaa vizuri juu ya karatasi. Nane ilikaa juu ya kidonda. Karatasi ilikuwa imekwanguliwa, ikalainishwa, kisha wino ukapitishwa upya. Mtu mwingine asingeona kitu, lakini fundi huyu alikuwa na miaka ishirini ya kuchungulia vitu ambavyo wenzake hawavioni.

Ripoti ililetwa mchana na mama yake fundi, bibi wa mtoto. Shule haimkabidhi mwanafunzi. Lazima mtu mzima aende, atie saini. Fundi hafungi duka kwa ajili ya saini, kwa hiyo bibi ndiye huenda, kazi aliyoizoea tangu fundi mwenyewe yuko kaptula. Leo aliiacha kwanza ndani ya bahasha juu ya meza ya chakula, akajinyoosha kidogo chumbani. Saa nzima. Na saa nzima hiyo binti alikuwa hapo hapo mezani, akila.

Sababu anayo, fundi aliwaza. Muhula uliopita mtoto alileta hamsini na tano, naye akatoa amri: chini ya themanini, anahamia kwa shangazi yake, mwalimu mstaafu ambaye nyumbani kwake hata paka hutembea kwa adabu. Binti alilia siku mbili. Halafu ghafla, themanini na tatu. Haya.

Si kwamba aliomba makubwa. Ukutani, katikati ya saa zinazotembea na zilizosusa, ilining'inia fremu yenye ripoti yake mwenyewe ya darasa la saba. Hesabu: 91. Marehemu baba yake ndiye aliyeitia fremu, na mteja anayesubiri betri hatoki dukani bila kuonyeshwa. Mama yake tu ndiye humwambia, "Karatasi hiyo imezeeka, mwanangu, ishushe ipumzike." Fundi huona ni unyenyekevu wa mama.

"Kidoti," aliita. "Njoo dukani."

Binti alitokea mlango wa nyuma, mkoba wa shule bado begani.

"Saba mara nane."

Kidoti alitazama dari, midomo ikicheza. "Hamsini na sita."

Fundi alivuta droo, akatoa kikokotoo, akabonyeza. Kweli, hamsini na sita. Hilo halikumtuliza hata kidogo.

"Mbona umechelewa?"

"Nilikuwa nahesabu, Baba."

"Mtu wa themanini na tatu hahesabu. Anajua. Fungua mkoba."

Madaftari, rula, nusu ya andazi. Chini kabisa, wembe uliofungwa kwa karatasi.

"Wa kuchongea penseli," Kidoti alisema haraka. "Kanipa Bibi."

"Na ripoti?"

"Sijaiona hata, Baba. Nilimwomba Bibi anionyeshe, akasema nile kwanza."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia kwenye wembe. Alama mbaya fundi angezimeza, labda. Lakini mwanawe kumtazama usoni na kumdanganya, mwanawe aliyemfundisha kusoma saa akiwa na miaka minne, hilo lilimuuma kweli.

"Kafungashe nguo zako. Kesho asubuhi unakwenda kwa shangazi."

Kidoti hakulia safari hii. Alikusanya madaftari yake moja moja.

"Mwache mtoto."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, khanga begani. Aliingia, akakaa kwenye kiti cha wateja, akatoa wembe mwingine mfukoni na kuuweka juu ya meza, kati ya bisibisi.

Fundi aliutazama, akamtazama yeye. Miaka thelathini mama huyu alikuwa karani wa masijala, enzi ambazo kosa la wino halikufutwa, lilikwanguliwa kwa wembe, likasuguliwa kwa ukucha, likaandikwa upya, na mkubwa wa ofisi asijue.

"Ilikuwa ngapi?" aliuliza.

"Hamsini na tatu."

"Mama. Na mvi zote hizo, unaghushi?"

"Jicho langu limechoka. Zamani usingeona."

"Unamharibu mtoto. Unamfundisha uongo."

"Yeye hajui lolote. Alikwambia hajaiona, hukumsikia." Bibi alimshika Kidoti mkono, akamvuta karibu na magoti yake. "Hajalala vizuri tangu ulipomtaja shangazi. Mimi nalala naye chumba kimoja, wewe hulali naye."

"Mimi nataka afaulu tu. Kama nilivyofaulu mimi."

Bibi alimpapasa Kidoti kichwani.

"Baba yako alikuwa na mkanda," alisema taratibu. "Wewe una shangazi."

Fundi alifungua mdomo amjibu, kisha akagundua kwamba mama yake hamtazami yeye. Alikuwa anatazama ukutani.

Fundi aliinuka. Akaishusha fremu, akaikung'uta vumbi, akachukua bisibisi ndogo na kuzitoa pini za nyuma moja baada ya nyingine. Alichomoa karatasi, akailaza chini ya taa, akaibana lenzi jichoni.

Hesabu: 91. Moja ilikaa vizuri juu ya karatasi. Tisa ilikuwa na kovu.