Kengele ya Jikoni

Katika jiko la kasri la mawe ambalo setla mmoja Mzungu alijijengea nje ya Kitale, mtembeza wageni alionyesha kengele ukutani.

"Hii memsabu, mke wa setla, aliitumia kumwita mpishi kule juu. Lakini waya yake ilikatwa kitambo."

Nangila, mmoja wa wageni, aliikazia macho. Nyanyake, aliyemwachia jina, ndiye aliyekuwa mpishi huyo.

Kengele ikalia.

"Ai, si umesema ilikatwa?" akauliza mama mmoja wa kanisa lao la Bungoma, na wenzake wakacheka.

Nangila naye alitaka kucheka. Lakini aproni kuukuu iliyokuwa ikining'inia mlangoni ilikuwa tayari kiunoni mwake, na vidole vilivyokuwa vikifunga kamba vilikuwa vyake mwenyewe.

"Nakuja, memsabu," akaitika, akaanza kupanda ngazi.

Huko juu, mtu akasogeza kiti.